Nyundo Isiyo na Mpini: Habari za Zana za Kale

Ndugu wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, natumaini mmekwisha kukaa, kila mmoja na daftari lake na kalamu yake, na mwalimu wa darasa amekwisha kuandika ubaoni maneno matano ya somo la leo: mhunzi, nyundo, fuawe, mivukuto, msuka. Kabla sijaanza kueleza, sikilizeni kwanza sauti hii.

(Hapa ilisikika sauti ya chuma kikigongwa juu ya chuma mara tatu.)

Hiyo ni nyundo. Lakini si nyundo ya dukani. Ninayo hapa mkononi, nami nitawaeleza umbo lake kwa kuwa hamwezi kuiona. Haina mpini wa mti. Yote ni chuma kitupu, kipande kimoja, urefu wake kama shubiri moja na vidole vitatu. Upande mmoja ni mnene, wenye pembe nne. Upande wa pili umechongoka kama kigingi. Mhunzi akiishika kwa upande mwembamba, ni nyundo. Akiuchomeka upande huo huo katika ardhi au katika gogo, upande mnene hubaki juu, nayo huwa fuawe, yaani kile chuma cha chini ambacho mhunzi hufulia chuma kingine juu yake. Zana ni moja, kazi ni mbili.

Nyundo hii tumeazimwa na mzee mmoja wa Karagwe, ambaye babu yake alikuwa mhunzi. Nilipomwomba aliniuliza, “Mwanangu, utairudisha?” Nikamjibu, “Nitairudisha, Mzee.” Hakuniamini upesi, naye alikuwa na sababu. Nyundo zilikuwa tatu. Mbili ziliuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, anayepita na baiskeli na mizani, siku ambayo mzee alikuwa shambani. Zilipimwa pamoja na bati bovu na sufuria iliyotoboka. Fedha yake ilinunua sukari na betri za redio. Huenda ni betri hizo zinazomwezesha mzee kunisikiliza leo, basi simlaumu mtu. Ila nyundo mbili zimekwenda kuyeyushwa, wala hakuna aliyeandika hata mstari mmoja juu yake.

Leo, basi, hatutasoma habari za vita wala za mikataba. Tutasoma habari za zana za mkono, na hasa nyundo. Wahunzi wetu wa kale hawakuandika vitabu. Walichotuachia ni vitu walivyovifua, na zana walizofulia. Mtu akijua kuzitazama atapata habari nyingi ndani yake. Asipojua ataona kutu tu.

Tuanze mbali kabisa. Nyundo ya kwanza ya binadamu haikuwa ya chuma, ilikuwa jiwe. Katika bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, Bibi Mary Leakey na mumewe Louis Leakey walifanya kazi miaka mingi ya kuchimba. Humo yalipatikana mawe ya kukatia yenye umri wa karibu miaka milioni 2, na pamoja nayo mawe ya mviringo ambayo hayakuchongwa makali. Hayo ya mviringo ndiyo nyundo. Yalijulikanaje? Uso wake umejaa vidonda vidogo vidogo, mahali pamoja, kwa sababu yaligonga mawe mengine tena na tena. Baadaye, mwaka 2015, wataalamu walitangaza mawe yaliyopatikana Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, yenye umri wa miaka milioni 3.3. Hata huko yalikuwapo mawe ya kugongea na mawe makubwa ya kuwekea chini, yaani nyundo na fuawe.

Mama mmoja darasani anaweza kusema, “Hata mimi ninalo jiwe la kuvunjia karanga na kokwa, limekaa jikoni tangu mama mkwe wangu alipokuwa hai.” Ni kweli. Litazame usiku wa leo, utaona vidonda vile vile.

Sasa tuje kwenye chuma. Twende Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria. Katika kijiji cha Katuruka, si mbali na Bukoba, palikuwa na mti mkubwa wa matambiko, na mahali pale paliitwa Kaiija. Maana ya jina hilo kwa Kihaya ni mahali pa kufulia chuma. Wazee walisimulia kwamba mfalme Rugomora Mahe, aliyetawala katika karne ya 17, aliwaita wahunzi wafue chuma hapo, ili ajenge mnara wa chuma wa kufika mbinguni. Mnara ukaanguka.

Mtu mwenye haraka angesema hiyo ni hadithi ya watoto. Lakini Mmarekani mmoja, Peter Schmidt, aliyekuja kuandika masimulizi ya wazee wa Kihaya, hakuwa na haraka. Aliwasikiliza, wakampeleka penye mti, naye mwaka 1970 akachimba hapo. Akakuta chini ya ardhi mabaki ya kazi ya chuma. Tena hayakuwa ya wakati wa Rugomora Mahe. Yalikuwa ya kale zaidi sana, yapata miaka 2,000 na zaidi. Wako wataalamu wanaobishana juu ya hesabu ya miaka ile ya mwanzo kabisa. Lakini kwamba chuma kilifanyiwa kazi mahali hapo zamani za kale, hilo halina ubishi. Jina la mahali lilikuwa limebaki midomoni mwa watu, na jina lilisema kweli.

Tena mwaka 1976, Schmidt na wenzake waliwaomba wazee wa Kihaya wawaonyeshe jinsi chuma kilivyoyeyushwa. Wazee hao walikuwa wameiona na kuifanya kazi hiyo ujanani mwao tu, kisha ikaachwa kwa miaka mingi. Basi ilibidi wakumbuke pamoja, huyu akisema hili na yule akimsahihisha. Walichimba shimo, wakachoma ndani yake majani ya kinamasi mpaka shimo likajaa majivu na makaa membamba. Juu yake wakajenga tanuri la udongo wa kichuguu. Wakachoma makaa ya miti waliyoichagua wao, maana si kila mti unafaa. Wakaingiza mirija ya udongo ndani ya tanuri, kila mrija na mvukuto wake. Mvukuto ni chombo cha kupulizia hewa: bakuli la mti lililofunikwa kwa ngozi, na kijiti cha kupandisha na kushusha ngozi hiyo. Kisha vijana wakavukuta saa nyingi bila kupumzisha moto, huku wakiimba ili mikono iende pamoja. Mwisho wake, chini ya tanuri, likapatikana bonge la chuma lililochanganyika na takataka. Habari za kazi yao zilitolewa mwaka 1978 katika jarida la Science, ambalo husomwa na wataalamu wa dunia nzima.

Huko Ufipa, kusini, tanuri zilikuwa za namna nyingine. Zilijengwa ndefu kupita kimo cha mtu, nazo zilijivutia hewa zenyewe kwa matundu ya chini, pasipo mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo lenye mivukuto. Baadhi ya tanuri ndefu za Ufipa zilionekana zimesimama bado miaka mingi baada ya moto wake kuzimika.

Zile takataka za tanuri tunaziita mavi ya chuma. Ni mawe meusi, mazito kuliko yanavyoonekana, yenye uso kama uji uliomwagika ukaganda. Baadhi yenu mnayaokota mashambani wakati wa kulima na kuyatupa mpakani. Yakiwa mengi mahali pamoja, hapo wahunzi walifanya kazi.

Bonge likiisha kupatikana, kazi ya nyundo ndiyo inaanza. Bonge haliwezi kupigwa kwa nyundo ndogo. Mahali pengi lilipigwa kwanza kwa jiwe kubwa lililoinuliwa kwa mikono miwili, juu ya jiwe jingine, ili takataka zitoke. Baadaye mhunzi alikishika chuma kwa koleo, au kwa kijiti kibichi kilichopasuliwa ncha, akakifua kwa nyundo ya chuma kama hii niliyo nayo. Chuma kikipoa, moto tena. Kikiwa chekundu, nyundo tena. Jembe moja halikupatikana kwa joto moja wala mawili.

Hapa ningependa tukae kidogo, maana jembe ni kitu ambacho kila mmoja wetu amekishika. Litazame jembe la dukani. Lina tundu, na mpini hupita katika tundu hilo. Jembe la mhunzi wa kale halikuwa hivyo. Lilikuwa na mkia mrefu uliochongoka, unaoitwa msuka, na msuka ndio ulioingia ndani ya mpini. Mpini wenyewe ulichongwa ukawa na kichwa kinene, kusudi usipasuke. Kwa hiyo ukiona darini kipande cha mti chenye kichwa kama rungu na tundu lililoungua ndani, usikitie jikoni. Huo ni mpini wa jembe la msuka. Tundu limeungua kwa sababu lilitobolewa kwa msuka uliochomwa moto.

Litazame tena bapa la jembe la zamani. Mara nyingi limelika upande mmoja kuliko mwingine. Upande uliolika unakuonyesha namna mwenyewe alivyosimama na mkono aliotanguliza. Majembe mengine yamelika hata yamebaki kama kiganja cha mtoto. Hayakutupwa, yalitumika kupalilia. Ni mtu gani aliyelima na jembe hilo, misimu mingapi, akilisha watoto wangapi? Jina lake hatulijui, lakini bidii yake tunaiona kwa macho.

Na jembe lilikuwa mali. Katika Unyamwezi, Upare, Ufipa na nchi nyingine, majembe yalihesabiwa katika mahari. Warongo, wahunzi wa kusini ya Ziwa Viktoria, walifua majembe yaliyochukuliwa mbali hata soko la Tabora. Aliyekuwa na nyundo alikuwa na njia ya kupata ng'ombe na mke.

Tukitaja mke, nitawasimulia jambo la Bunyoro, katika nchi ya Uganda. Mwingereza John Roscoe aliandika habari za Wanyoro katika kitabu kilichotolewa mwaka 1923. Anaeleza kwamba mhunzi alipohitaji jiwe jipya la fuawe, alikwenda na wenzake kulichukua, wakalileta nyumbani kama watu wanaoleta bibi arusi. Mke wake alitoka kulilaki. Mhunzi alimwambia kuwa amemletea mke mwenzake, wa kumsaidia kazi za nyumba. Jiwe lilifunikwa nguo ya gome la mti na kunyunyiziwa nafaka, ili lizae, yaani litoe zana nyingi. Sijui kina mama wa darasa letu wangempokeaje mke mwenza wa namna hiyo. Angalau hali chakula.

Wafalme nao walijua thamani ya nyundo. Nchini Rwanda, masimulizi humtaja Gihanga, mwanzilishi wa ufalme, kuwa ndiye aliyeleta ufundi wa chuma. Mwaka 1969 wataalamu walifukua kaburi la mfalme Cyirima Rujugira, aliyetawala katika karne ya 18. Karibu na kichwa chake walikuta nyundo mbili za chuma, zisizo na mipini ya mti, za jamii moja na hii yangu. Na huko Katanga katika Kongo, penye maziwa ya bonde la Upemba, nchi ya Waluba, lilipatikana kaburi la kale zaidi, la miaka 1,000 na zaidi, ambamo maiti aliwekewa shoka la heshima na fuawe ya chuma karibu na fuvu. Tazameni umbali huo. Rwanda hadi Upemba ni mwendo wa majuma mengi kwa miguu, na katika nchi zote mbili mkubwa alizikwa pamoja na zana ya mhunzi. Hawakumwekea kalamu, wala fedha peke yake.

Neno lenyewe pia limesafiri. Sisi tunasema nyundo. Mnyarwanda anasema inyundo. Muganda anasema ennyondo. Mshona wa Zimbabwe anasema nyundo, kama sisi kabisa. Mkongo wa karibu na bahari ya Atlantiki anasema nzundu. Neno linalofanana hivyo toka bahari hadi bahari halikununuliwa juzi. Ni urithi wa zamani wa lugha zetu za Kibantu.

Mfalme mwingine wa kukumbukwa ni Rumanyika wa Karagwe, ambaye Speke na Grant walimtembelea mwaka 1861. Masimulizi ya Karagwe humsifu baba yake, Ndagara, kuwa alikuwa mhunzi hodari. Stanley alipofika Karagwe mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya mviringo ambamo mfalme aliweka hazina yake. Humo zilikuwamo sanamu za bata na za ng'ombe wasio na vichwa, zilizofanywa kwa shaba, na miundu ya chuma na mikuki iliyofuliwa kwa ustadi ambao Stanley mwenyewe aliusifu. Baadhi ya watu hudhani kwamba kukusanya vitu vya kale na kuvitunza katika nyumba maalum ni desturi iliyokuja na Wazungu. Rumanyika alikuwa na nyumba yake kabla nchi haijatawaliwa na Mzungu yeyote.

Nisije nikawasahau watu wa pwani. Kitabu cha zamani sana kinachotaja pwani yetu, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kinasema kuwa wafanya biashara wa Muza, katika nchi ya Yemen, walileta hapa mikuki, mashoka, visu na vyuma vya kutobolea. Hivyo habari ya kwanza iliyoandikwa juu ya biashara ya pwani ina zana za mkono ndani yake. Kitabu hicho kinataja pia vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na huenda vile vyuma vya kutobolea vilifaa kazi hiyo. Mtepe wa Lamu ulishonwa kwa kamba za nazi hadi nyakati za karibu. Kisha katika mwaka 1154 Al-Idrisi, Mwarabu aliyeandika jiografia kwa ajili ya mfalme wa Sicily, alisema kuwa watu wa Malindi na Mombasa walichimba chuma na kukiuza ng'ambo. Kwa hiyo pwani ilinunua zana, nayo ikauza chuma. Na mpaka leo mafundi wa majahazi wanajua tezo ni nini, na keekee ya kuzungushwa kwa uta. Fundi aliyezoea tezo lake hukataa kumwazima mtu, maana mkono mgeni huharibu makali.

Basi, kama wahunzi walikuwa na ustadi huo, kwa nini tanuri zilizimika? Swali hili huulizwa mara nyingi, na jibu la kwamba watu walikuwa wavivu ni la uwongo. Kuyeyusha chuma kulitaka makaa mengi sana na watu wengi kwa siku nyingi. Majembe ya viwandani yalipoanza kuletwa kwa meli, kama yale ya chapa ya mamba ya kiwanda cha Chillington katika mji wa Wolverhampton, Uingereza, yaliuzwa kwa bei ambayo tanuri la udongo halikuweza kushindana nayo. Serikali za kikoloni zilitaka kodi kwa fedha, na Buhaya fedha ilipatikana kwa kahawa. Kijana aliyekwenda kuchuma kahawa hakuwa na siku za kuvukuta. Misitu nayo ikawekewa sheria. Mambo hayo yote yalikuja pamoja, katika maisha ya kizazi kimoja au viwili.

Lakini wahunzi hawakufa pamoja na tanuri. Waliacha kuyeyusha mawe, wakafua chuma kilichoyeyushwa na wengine: springi za magari na mabaki ya reli. Nyundo ya babu ikafua springi ya lori, na panga likatoka. Hata baada ya Tanzania kupata kiwanda chake cha zana za kilimo pale Ubungo mwaka 1970, kwa msaada wa China, mhunzi wa kijijini aliendelea kuitwa kutengeneza jembe lililopasuka. Mhunzi wa leo akikwambia chuma cha springi kinapenda moto gani, huo ni ujuzi wa babu yake uliohamia kwenye chuma kipya.

Sasa tuseme habari ya kukusanya. Yuko Mmarekani mmoja ambaye kisa chake kinatufaa, kwa sababu alianzia pale pale penye mnunuzi wa vyuma chakavu. Jina lake ni Henry Mercer, wa mji wa Doylestown, katika jimbo la Pennsylvania. Alikuwa mchimbaji wa mambo ya kale, akitafuta mawe ya watu waliokufa zamani. Siku moja mwaka 1897 alikwenda kwa muuza vitu chakavu kutafuta koleo za mekoni. Akaona rundo la zana za wakulima na mafundi wa nchi yake, zilizotupwa kwa kuwa mashine zilikuwa zimechukua kazi yake. Akatambua kwamba rundo lile lilikuwa historia kama yale mawe aliyokuwa akiyachimba, na kwamba lilikuwa likipotea mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo alinunua nyundo, shoka, randa, misumeno, vyombo vya kusokotea nyuzi, hata magari ya farasi. Matajiri wa wakati huo walikusanya picha na fedha za kale, si takataka za wakulima.

Mercer aliogopa moto. Mkusanyo wa silaha za kale wa shangazi yake ulikuwa umeteketea katika moto mkubwa wa mji wa Boston mwaka 1872. Kwa hiyo alijenga nyumba ya makumbusho kwa saruji tupu yenye nondo, akaimaliza mwaka 1916. Makumi ya maelfu ya zana yamo humo hata leo. Akatoa pia kitabu juu ya zana za maseremala wa kale mwaka 1929, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Jambo ninalompendea ni kuwa alizipanga zana kwa kazi yake: hizi za mhunzi, hizi za seremala, hizi za mshona viatu. Hivyo mtu wa kawaida aliyeingia aliweza kusema, “Hii alikuwa nayo babu yangu.”

Kwetu si lazima kujenga nyumba ya saruji. Bujora, karibu na Mwanza, Wasukuma pamoja na padre David Clement walianzisha makumbusho ya utamaduni wao katika miaka ya 1950, na humo kazi ya mhunzi imepewa nyumba yake. Lakini nitasema maoni yangu wazi. Nyundo iliyobaki katika ukoo wake, ikiwa na karatasi inayotaja aliyeifua, ni bora kuliko nyundo iliyo katika sanduku la kioo mji wa mbali, yenye maandishi “Nyundo, Afrika” basi. Chuma kimefika, habari zake zimebaki njiani.

Kwa hiyo kabla ya kukusanya kitu, kusanya habari. Mwulize mzee kwa adabu, tena kwa nafasi yake. Koo nyingine zina miiko juu ya nyundo, ni nani aiguse na lini. Mtu akikuambia hapana, iwe hapana. Usimdanganye mama mzee kwa panga jipya ili akupe shoka la marehemu mumewe. Na ukiipata zana, usiisugue kwa msasa wala kwa tupa ili ing'ae. Alama za nyundo, mikwaruzo, na pale ambapo kidole gumba kimekula mpini, ndizo habari zenyewe. Ukizisugua umefuta maandishi. Futa udongo kwa kitambaa kikavu, paka mafuta kidogo sana, weka mahali pakavu pasipo mchwa. Na ukikuta shambani rundo la mavi ya chuma au vipande vya mirija ya udongo, usichimbe. Katika Tanzania iko sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inayolinda mahali kama hapo. Mwarifu afisa utamaduni wa wilaya.

Sasa kazi ya darasa. Juma hili kila mmoja atafute nyumbani kwake zana moja tu ya mkono iliyo ya zamani kuliko yeye mwenyewe: nyundo, tezo, mundu, jiwe la kusagia, chochote. Aandike katika daftari, kwa mkono wake, jina la zana kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili, nani aliifanya au ilinunuliwa wapi, nani aliitumia, na kwa kazi gani. Mistari mitano inatosha. Asiyejua bado kuandika sentensi nzima aandike majina, na mwenzake amsaidie yaliyobaki. Mkikutana tena, wekeni zana zote mezani na kila mtu asome aliyoyaandika. Msisahau kumrudishia kila mwenyewe zana yake.

Nami kesho natuma nyundo hii Karagwe, imefungwa katika gunia pamoja na karatasi yenye jina la babu yake mzee, jina la mahali ilipofuliwa, na majina ya wajukuu wake. Mzee alinisomea majina hayo mwenyewe, nikaandika, kisha akaitwaa karatasi na kuihakiki herufi kwa herufi. Alijifunza kusoma katika darasa kama lenu. Kwaherini.